Asili na Maana ya Jina la Contredanse

Majina ya ngoma ni kama majina ya watu: mwenye jina hakulichagua, na aliitaye aghalabu hajui lilikotoka. Katika lugha za Ulaya lipo jina moja la ngoma ya kale lililowashughulisha wanazuoni kwa muda mrefu, nalo ni jina la Kifaransa "contredanse". Ngoma yenyewe haichezwi tena katika majumba ya wafalme, na baadhi ya majumba hayo hayana wafalme tena. Jina, hata hivyo, limebaki, na ndani yake mna fundisho ambalo mwanafunzi wa lugha yo yote, na hasa mwanafunzi wa Kiswahili, atafaidika akilitazama kwa makini.

Kwanza yafaa tueleze jinsi ngoma hiyo ilivyochezwa. Wachezaji walijipanga wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Katika namna yake ya kwanza, wanaume walisimama safu moja na wanawake safu ya pili, safu zikielekeana kama kingo mbili za mto. Jozi ya kwanza ilicheza na jozi ya pili, kisha ikashuka nafasi moja na kucheza na ya tatu, ikaendelea hivyo mpaka mwisho wa safu. Na kila jozi ikapata zamu yake ya kuongoza. Katika namna ya pili, jozi nne zilisimama katika pande nne za mraba, kila jozi ikiwa na nyingine mbele yake. Katika namna zote mbili watu walitazamana uso kwa uso, wakaendeana, wakapishana, wakashikana mikono, wakarudi mahali walipoanzia.

Mtu ajuaye Kifaransa kidogo ataona kwamba jina la ngoma hii halina fumbo. "Contre" maana yake ni dhidi ya kitu, au mkabala wa kitu. Na "danse" ni ngoma. Basi contredanse ni ngoma ya kukabiliana. Jina na kitu vimepatana kama chungu na kifuniko chake. Kuna haja gani ya kuuliza zaidi?

Haja ipo, na ni kubwa. Upatano wa namna hii, usioacha hata ufa mdogo baina ya jina na kitu, ndio umpasao mchunguzi kusita. Maneno mengi yaliyopita katika vinywa vya watu kwa karne nyingi huchakaa, na maana zao za kwanza hufichika. Neno la kale linapojieleza lenyewe upesi mno, huenda limevalishwa maelezo hayo baadaye, kama mtu aliyefika mjini akapewa nguo za wenyeji.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, nchini Uingereza, ipo ngoma iitwayo "country dance", yaani ngoma ya shamba, au ngoma ya nchi. Nayo pia ina safu mbili zielekeanazo, ina jozi zishukazo nafasi moja moja, ina kupishana na kushikana mikono. Hapana aliyeweza kusema kwamba majina haya mawili hayana udugu. Swali likawa: lipi ndilo la mzazi, na lipi ndilo la mtoto?

Katika karne ya 18 na ya 19 walikuwako waandishi, na baadhi yao Waingereza, walioshika kwamba mzazi ni jina la Kifaransa. Walisema kwamba Waingereza walilisikia neno contre, hawakulielewa, wakaligeuza kuwa country kwa sababu neno hilo walikuwa nalo nyumbani. Fikira hiyo ilikuwa na nguvu, na nguvu yake haikutoka katika ushahidi bali katika sifa za Ufaransa. Wakati huo Ufaransa ilikuwa mwalimu wa ngoma kwa Ulaya nzima. Mfalme Louis XIV, aliyekuwa mchezaji hodari mwenyewe, alianzisha chuo cha ngoma cha kifalme mwaka 1661. Na majina ya hatua, ya mikao na ya miruko yalikuwa ya Kifaransa katika kila mji uliokuwa na mwalimu wa ngoma. Iliwawia watu vigumu kuamini kwamba mwalimu ameazima kwa mwanafunzi, na kwamba ukumbi wa mfalme umeazima shambani.

Msomaji na aliangalie jambo hili vema, maana ndilo moyo wa habari yetu. Mabishano haya yalionekana kuwa ya neno moja, lakini yalikuwa mabishano ya cheo. Aliyesema kwamba asili ni Ufaransa alisema pia kwamba mambo mazuri hushuka kutoka juu, na kwamba watu wa chini kazi yao ni kuyapokea na kuyaharibu. Aliyesema kwamba asili ni Uingereza naye huenda alisukumwa na fahari ya taifa lake. Ili tusibebwe na fahari ya huyu wala ya yule, tunahitaji mizani. Na mchunguzi wa asili ya maneno anazo tatu: tarehe, njia, na sauti.

Tuanze na tarehe. Mwaka 1589 kilichapishwa katika mji wa Langres, nchini Ufaransa, kitabu kiitwacho Orchésographie. Mwandishi wake alikuwa padre Jehan Tabourot, aliyejificha nyuma ya jina la Thoinot Arbeau, ambalo ni herufi za jina lake zilizopangwa upya. Kitabu hicho ni hazina ya ngoma zilizochezwa Ufaransa katika zama zake. Mna pavane, mna gaillarde, mna courante, mna gavotte, na mna aina nyingi za branle, ngoma ya mduara. Contredanse haimo. Uingereza, kwa upande wake, jina la country dance lilikwisha kuandikwa kabla karne hiyo ya 16 haijaisha. Mwaka 1602 Earl wa Worcester, mmoja wa wakuu wa baraza la Malkia Elizabeth I, aliandika katika barua kwamba ngoma hizo zilikuwa zikichezwa sana mbele ya Malkia, naye alikuwa akipendezwa nazo mno. Mwaka 1651 mchapishaji wa London, John Playford, alitoa kitabu chake The English Dancing Master, chenye ngoma zaidi ya mia moja za jinsi hiyo pamoja na nyimbo zake. Kitabu kikapigwa chapa tena na tena, kikizidi kunenepa, mpaka kikaingia karne ya 18. Na usiku wa kuamkia mwaka 1663, Samuel Pepys aliandika katika shajara yake jinsi alivyomwona Mfalme Charles II akicheza: kwanza zilichezwa ngoma za mtindo wa Kifaransa, kisha mfalme akaagiza country dances, akaongoza ya kwanza mwenyewe, akiitaja kuwa ni ngoma ya kale ya Uingereza.

Je, Wafaransa walianza lini kuliandika jina lao? Ushahidi wa mapema sana umo katika kumbukumbu za François de Bassompierre, mtu mkubwa wa baraza la mfalme wa Ufaransa, zihusuzo mwaka 1626. Hapo neno contredanse linaonekana waziwazi. Lakini tuulize mwandishi alikuwa wapi siku hiyo. Alikuwa London, ametumwa kuwa balozi, na ngoma aliyoitaja ilichezwa usiku wa manane katika karamu ya Waingereza. Basi neno la Kifaransa, mara tu linapojitokeza katika maandishi, tunalikuta ugenini, likitumiwa kuita kitu cha wenyeji.

Mizani ya pili ni njia. Haitoshi kuonyesha kwamba kitu kimetangulia mahali pamoja. Lazima pia tuonyeshe ni nani aliyekibeba na kwa chombo gani. Katika habari hii wachukuzi wanajulikana kwa majina. Katika miaka ya 1680 mwalimu wa ngoma wa Kifaransa, André Lorin, alikwenda Uingereza kujifunza ngoma hizo. Aliporudi alimtunukia Mfalme Louis XIV kitabu cha mkono chenye maelezo na michoro yake. Mwaka 1706 Raoul-Auger Feuillet, bingwa aliyezieneza alama za kuandikia hatua za ngoma, alichapisha mjini Paris mkusanyo wa contredanses kwa alama nyepesi ambazo hata asiye bingwa angeweza kuzifuata. Na mwaka 1710 kikatokea kioja: John Essex wa London alikifasiri kitabu cha Feuillet kwa Kiingereza. Hivyo ngoma iliyotoka Uingereza ilirejea Uingereza ikiwa imevaa alama za Kifaransa, na Waingereza wakaipokea kama wapokeavyo kitu kipya kutoka Paris. Mtu aliyeiona safari hiyo ya pili pasipo kuijua ya kwanza angeapa kwamba ngoma ni ya Kifaransa. Bila shaka hapa ndipo palipoanzia kosa la wale waandishi tuliowataja.

Mizani ya tatu ni sauti. Je, masikio ya Kifaransa yangeweza kulifanya neno country kuwa contre? Yangeweza, na hii haikuwa mara ya pekee. Vazi la Kiingereza la kupandia farasi, "riding coat", Wafaransa waliliita redingote. Chombo cha kuchukulia barua, "packet boat", wakakiita paquebot. Uwanja wa majani wa kuchezea tufe, "bowling green", ukawa boulingrin. Katika kila mfano sikio lilipokea sauti ngeni, likaitafutia mahali pa kukaa miongoni mwa sauti za nyumbani. Lakini katika country dance yalikuwako mambo mawili ya ziada. Nusu ya pili ya jina ilikuwa ni neno lao wenyewe, danse. Na nusu ya kwanza ilikaribiana na neno lao jingine, contre, ambalo maana yake ilieleza kwa usahihi yale macho yaliyoyaona: watu wamesimama wakikabiliana. Sikio lilishuhudia na jicho likathibitisha. Tangu siku hiyo hapana Mfaransa aliyehitaji kuuliza tena.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuliona jambo hili kuwa geni, wala kulicheka. Babu zetu walipolipokea neno la Kiarabu "kitab", walisikia mwanzoni mwake ile ki ya kiti na ya kisu, wakasema kitabu kimoja, vitabu viwili. Katika Kiarabu ki hiyo si kiambishi hata kidogo. Ni sehemu ya mwili wa neno. Katika zama zilizo karibu nasi zaidi, madereva walisoma kwenye mzunguko wa barabara amri ya Kiingereza iwataakayo washike kushoto, wakapata neno kiplefti, na wingi wake viplefti. Mafundi wa baiskeli walisikia jina la bati linalozuia matope, wakapata madigadi. Na kwa kuwa ma ni dalili ya wingi, bati moja likawa digadi. Hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliyekosea kwa sheria za lugha yake. Lugha inapopokea mgeni humuuliza ukoo wake, na mgeni asipojibu humpa ukoo.

Hata hivyo tusifanye haraka kufunga shauri. Tumekwisha kuona kwamba country ndilo jina la mzazi. Lakini je, jina hilo nalo husema kweli? Je, country dance ilikuwa ngoma ya wakulima? Mtu akikifungua kitabu cha Playford ataona kwamba hakikukusudiwa kwa mkulima. Kiliuzwa mjini London, na dibaji yake iliwataja waungwana wa vyuo vya sheria vya mji huo. Malkia aliyeangalia ngoma hizo mwaka 1602 hakuwa shambani. Alikuwa katika chumba chake. Kwa hiyo wako waonao kwamba country hapa hutaja nchi zaidi ya kutaja mashamba: ni ngoma ya nchi yetu, kinyume cha ngoma zilizoletwa kutoka Ufaransa na Italia. Maneno ya Mfalme Charles juu ya "ngoma ya kale ya Uingereza" yanaelekea huko. Kwa maoni yangu maana zote mbili zilikuwamo katika jina, moja juu ya nyingine: waungwana walipenda kucheza kitu walichokiona kuwa cha nyumbani, na walikiona kuwa cha nyumbani kwa sababu walikihusisha na watu wa shamba. Ndivyo ilivyo pia kwetu, ambapo neno "nchi" laweza kumaanisha ardhi ilimwayo, na laweza kumaanisha taifa zima.

Sasa tuchimbe chini zaidi. Neno country si la Kiingereza asilia. Liliingia Uingereza pamoja na Wanormani walioiteka nchi hiyo mwaka 1066, nalo lilikuwa ni neno la Kifaransa cha kale, contrée, lenye maana ya eneo la ardhi. Na neno contrée lilitoka wapi? Lilitoka katika Kilatini cha baadaye, contrata, yaani ardhi iliyotandaa mbele ya mtazamaji, nchi iliyo mkabala naye. Mzizi wa contrata ni contra; na contra ndiyo iliyozaa contre ya Kifaransa. Basi tazama ajabu ya mambo! Wafaransa waliposikia country wakasema contre, walidhani wanatamka neno lao, na wanafasihi wa baadaye wakasema wamekosea. Kumbe pasipo kujua walilirudisha neno hilo kwenye shina lake lenyewe. Na nusu ya pili ya jina, dance, nayo Waingereza waliipata kwa Wafaransa katika zama hizo za kati. Jina zima, vipande vyote viwili, lilikuwa limevuka bahari kutoka Ufaransa, likakaa Uingereza karne kadhaa, likapewa kazi mpya, likarudi likiwa limebadilika sura hata ndugu zake wasilitambue.

Je, jambo hili huwapa ushindi wale waliosema kwamba asili ni Ufaransa? La. Mzizi wa neno ni jambo moja, na asili ya jina la kitu ni jambo jingine. Seremala akijenga mlango wa Unguja kwa mbao zilizotoka Bara Hindi, mlango haukujengwa Bara Hindi. Vipande vilikuwa vya Kifaransa. Aliyeviunganisha ili kuita ngoma hii alikuwa Mwingereza. Aliyeviunganua na kuviunga upya alikuwa Mfaransa. Kila mmoja ana fungu lake, na hakuna haja ya kumnyima mmoja ili kumpa mwingine.

Yafaa pia tuulize kwa nini Wafaransa, matajiri wa ngoma, waliihitaji ngoma ya kigeni. Jibu limo katika desturi za ukumbi wa Louis XIV. Katika dansi rasmi za mfalme watu walicheza kwa kufuata daraja. Jozi moja ilisimama katikati na kucheza, na watu wengine wote wakatazama. Mwenye cheo akaanza, aliye chini yake akafuata. Hatua zilikuwa ngumu, zenye kuhitaji miaka ya mafunzo, na aliyekosea alikosea mbele ya macho ya watu wote. Contredanse ilileta jambo jingine. Wengi walicheza kwa pamoja. Kila jozi ilikutana na kila jozi. Na yule aliyeanza mwisho wa safu alipanda kidogo kidogo mpaka akafika mbele. Louis XIV alifariki mwaka 1715, na tangu mwaka 1716 dansi za hadhara zilifanyika katika jumba la Opera mjini Paris, ambako aliyeweza kulipa kiingilio aliingia. Katika kumbi za namna hiyo contredanse ilistawi. Wafaransa wakaizidisha namna ya mraba, wakaiita cotillon, jina la vazi la ndani la wanawake. Na katika karne ya 19 mraba huo ukapata jina la quadrille. Jean-Jacques Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, alieleza kwamba contredanse huchezwa katika dansi baada ya minuet, kwa kuwa ina uchangamfu zaidi na hushughulisha watu wengi zaidi.

Maana hiyo ya kijamii haikuwapotea watunzi wa muziki. Katika opera ya Mozart, Don Giovanni, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Prague mwaka 1787, kuna karamu ambamo ngoma tatu hupigwa kwa wakati mmoja. Watukufu wanacheza minuet. Mtumishi Leporello anamkokota mkulima Masetto katika ngoma ya Kijerumani. Katikati, Don Giovanni, ambaye ni bwana mkubwa, anamwongoza Zerlina, msichana wa shamba, na ngoma wanayoicheza ni contredanse. Mozart alijua mahali pa ngoma hiyo: ilikuwa sakafu ambayo bwana na mkulima wangeweza kukanyaga pamoja, kwa heri au kwa shari.

Hata hivyo tusiitukuze ngoma hii kupita kiasi. Wafaransa walioicheza Paris waliicheza pia katika makoloni yao, na huko ilichezwa katika nyumba zilizojengwa kwa jasho la watumwa. Pwani yetu haikuwa mbali na mambo hayo. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Jean-Vincent Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi. Katika visiwa hivyo, na katika koloni la Saint-Domingue upande wa pili wa dunia, watumwa walisikia nyimbo za mabwana wao, wakazitia mapigo yao wenyewe. Katika Shelisheli, ambako tangu mwaka 1861 manowari za Kiingereza ziliwashusha Waafrika waliookolewa katika majahazi ya watumwa, kontredans ni moja ya ngoma za jadi ziitwazo kamtole. Hupigwa kwa fidla na kodiani, na yupo mtu atangazaye hatua ili wachezaji wafuate.

Saint-Domingue yenyewe iliwaka mapinduzi mwaka 1791, na mwaka 1804 ikawa taifa huru la Haiti. Wafaransa waliokimbia walikwenda na watumwa wao mashariki ya Cuba. Na katika miji ya Santiago na Guantánamo wazao wa watumwa hao wamehifadhi mpaka leo ngoma iitwayo tumba francesa, ambamo miondoko ya ukumbi wa Kifaransa huchezwa kwa magoma ya Kiafrika. Katika Kihispania jina lilikuwa limekwisha kuwa contradanza. Huko Cuba contradanza ilizaa danza, na danza ikazaa danzón, ambayo Miguel Faílde aliipigisha mjini Matanzas tarehe 1 Januari 1879. Tangu miaka ya 1930 sahani za santuri za muziki wa Cuba, zenye alama ya GV, ziliuzwa Afrika, zikasikilizwa Kongo na Afrika ya Mashariki, na bendi zetu zikajifunza kwazo. Muziki huo uliitwa kwetu muziki wa dansi. Neno dansi tulilipata kwa Waingereza, walioipata dance kwa Wafaransa. Na muziki wenyewe ulikuwa na jamaa wa mbali waliopitia Matanzas, Saint-Domingue, Paris na London. Jina lilikuja kwa njia moja na ngoma ikaja kwa nyingine, vikakutana katika ukumbi mmoja.

Sasa tuseme habari hii inatufaa nini. Mara nyingi tumesikia watu wakihesabu maneno ya Kiarabu yaliyomo katika Kiswahili, kisha wakakata hukumu kwamba lugha yenyewe ni ya wageni. Hao wanafanana na wale walioona alama za Feuillet wakasahau safu za wachezaji wa Uingereza. Wanahesabu mbao wasimwangalie seremala. Neno kitabu lina mwili wa Kiarabu, lakini aliyelipa wingi wa vitabu, akasema kitabu hiki kimepotea na vile vimeonekana, ni Mswahili, kwa sheria za Kibantu zisizomo katika Kiarabu. Wako na wengine waendao upande wa pili, ambao kwa kuipenda lugha yao hutafuta mzizi wa nyumbani kwa kila neno, au maana ya kupendeza kwa kila jina la mahali. Zanzibar, kwa mfano, wako walioieleza kwa maneno ya Kiarabu yenye maana ya kuisifu nchi kwa uzuri, hali wataalamu huliona jina hilo kuwa na asili ya Kiajemi, lenye maana ya pwani ya watu weusi. Maelezo yale ya sifa yanapendeza kama contre ipendezavyo. Nayo yanastahili kuandikwa, maana yanatuonyesha watu walivyotaka jina lao lisikike. Lakini yasiandikwe mahali pa asili.

Wahenga wamesema, mwacha asili ni mtumwa. Maneno hayo ni ya kweli, na mwanafunzi wa lugha anapaswa kuyashika. Ila akumbuke kwamba neno "asili" lenyewe ni la Kiarabu, na hakuna Mswahili ajisikiaye mtumwa anapolitamka. Anayetaka kujua asili ya neno na aulize liliandikwa lini, lilipita wapi, na sikio gani lililipokea. Akikosa kuuliza swali hilo la tatu, ataujua ukoo wa neno asiwajue watu waliolifanya kuwa lao. Na watu hao ndio tunaowatafuta tunapofungua vitabu vya kale.